Upepo wa Miezi, Upepo wa Saa

Watu wa visiwani huhesabu upepo kwa miezi. Kaskazi huingia karibu na Desemba, Kusi hushika zamu baada ya masika, na kati yake huwapo siku chache za shwari ambazo mabaharia huzijua kwa majina yake. Nyumba kongwe za Unguja, Lamu na Mombasa zilijengwa na watu waliozoea hesabu hiyo. Lakini msafiri akiupa mgongo Mwambao na kupanda bara hadi Mwanza, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hukuta kalenda nyingine. Pale upepo hauhesabiwi kwa miezi tu, bali kwa saa.

Sababu yake ni ziwa lenyewe. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, na maji mengi kiasi hicho hupata moto polepole na kupoa polepole. Jua likipanda, nchi kavu huchemka kabla ya maji. Hewa yake huinuka, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi iliyoachwa. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, ziwa hubaki na uvuguvugu wake, na upepo hutoka milimani kuelekea majini. Mchana wa Mwanza joto hufika nyuzi 28 au 29, na kabla ya mapambazuko huweza kushuka hadi 17 au chini ya hapo. Kwa hiyo nyumba ya huko hudaiwa mambo mawili yanayopingana katika siku moja: imwokoe mwenyewe na jua la saa nane mchana, kisha imkinge na baridi ya saa kumi usiku.

Wasukuma, ambao jina lao lina maana ya watu wa kaskazini, walilijibu dai hilo kwa msonge. Ukuta wake ulikuwa wa mduara, wa miti iliyokandikwa udongo. Paa lake la nyasi lilishuka chini kuupita ukuta, likautilia kivuli mchana kutwa. Mlango ulikuwa mmoja na madirisha hayakuwapo. Wageni wengi wa Kizungu waliiona nyumba hiyo kuwa ya giza na moshi, na kweli moshi ulikuwapo. Ila moshi huo ulikuwa na kazi: uliyakausha makuti ya nyasi, ukawafukuza wadudu waharibifu, kisha ukatoka polepole kupitia paa lenyewe. Unene wa nyasi ulizuia jua lisipenye, na usiku ulizuia joto la moto lisitoroke. Kuuzunguka mji wa mwenye nyumba palipandwa ua wa minyaa, nao ulivunja nguvu ya upepo kabla haujafika mlangoni.

Ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe riwaya ya maisha ya mababu zake, akaimaliza mwaka 1945. Tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Anayetaka kujua watu wa ziwa waliishije kabla ya bati na saruji, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni mlango mzuri wa kuingilia. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement alianza katika miaka ya 1950 kazi iliyozaa makumbusho ya Wasukuma, na kanisa la pale lilijengwa kwa umbo la nyumba ya mduara. Hivyo umbo la msonge lilipata hifadhi katika kitabu na katika jengo la ibada, wakati ule ule lilipokuwa likitoweka vijijini.

Lilitowekaje? Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Walichagua miinuko, wakajenga kuta nene na veranda pana, ili upepo wa ziwa uwafikie na jua lisizifikie kuta. Kisha reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa zikaanza kuvuka ziwa kwa meli. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza yenyewe. Miongoni mwa bidhaa za zama hizo lilikuwamo bati. Wafanyabiashara wa Kihindi waliezekea maduka yao, misheni zikaezekea shule, na bati likawa alama ya mtu aliyefanikiwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya watu kuhamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970, nyumba bora ilikuja kumaanisha nyumba ya pembe nne, ya tofali na bati.

Bati lina fadhila zake, na si haki kulibeza. Haliozi upesi, haliungui kama nyasi, na hutega maji ya mvua. Mwanamke aliyekuwa akikata nyasi za kuezekea kila baada ya miaka michache anajua alichopumzishwa. Hata hivyo bati ni jembamba. Jua likiwaka, hulipokea joto lote na kulishusha ndani; usiku ukiingia, hulitoa lote na kuwaacha waliolala wakitafuta blanketi. Nyumba isiyo na dari huwa tanuri mchana na uwanja alfajiri. Milima ya mawe ya Mwanza huongeza jambo jingine, kwani majabali yaliyochomwa na jua huendelea kutoa joto muda mrefu baada ya magharibi, na nyumba zilizobanana kati yake hulipokea.

Mafundi wa zamani walipunguza dhiki hiyo kwa kuacha uwazi kati ya ukuta na paa. Joto lilipita hapo, na upepo pia. Lakini watafiti wa malaria wamethibitisha kwamba mbu waenezao ugonjwa huo huupenda mno uwazi huo kuwa njia yao ya kuingilia. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Anayeziba huwakinga wanawe na homa, kisha huwalaza katika chumba kisicho na pumzi. Asiyeziba huwapa hewa pamoja na mbu. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba ya ziwani, swali huja kabla ya udongo kukandwa: ni ufa upi ulioletwa na uchakavu, na ni upi ulioachwa na fundi kwa makusudi?

Swali hilo si la Mwanza peke yake. Nyumba ya mawe ya Unguja ina kuta nene za matumbawe, boriti za mikoko na ua wa katikati. Dubai ya kale ilikuwa na barjil, minara iliyounasa upepo na kuushusha vyumbani. Kila mahali palipata jibu lake kwa vitu vya karibu, na kila jibu linahitaji mtu wa kulitunza. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba, na Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Zanzibar. Jengo likianguka, ujuzi uliomo hufukiwa pamoja na kifusi.

Hakuna sababu ya kumrudisha mtu wa Mwanza katika msonge asioutaka. Ila yapo mambo ya kuazima kutoka humo: paa linaloupita ukuta, dari chini ya bati, miti upande wa magharibi, na wavu katika ule uwazi wa juu, ili mbu azuiwe na upepo upite. Havihitaji fundi kutoka mbali. Vinahitaji tu mjenzi akumbuke, kabla ya kupiga msumari wa kwanza, upepo wa mchana unatoka wapi na wa usiku unakwenda wapi.