Kartasi ya notere Mutshatsha: nani anatia muhuri, na nani anaweza kufika mpaka kijijini

Baba anayeuza kiwanja, mama anayetaka mtoto asafiri na shangazi yake, kikundi cha wakulima kinachotaka kuandikisha shirika: wote wanafika siku moja wanaambiwa, «Lete kartasi ya notere.» Katika teritwari ya Mutshatsha, neno hilo ni safari. Kutoka muji wa Mutshatsha mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa mvua barabara haina huruma. Ndiyo maana watu wanauliza: notere hawezi kuja yeye mwenyewe?

Jibu linaomba kwanza kujua nani anafanya nini. Watu wengi wanapoteza makuta kwa sababu walipeleka kartasi nzuri kwa mutu asiyehusika.

Kazi ya notere

Nchini Marekani kuna notere wanaotembea na gari mpaka nyumbani kwa mutu, ao hospitalini. Kazi yao pale ni fupi: kuangalia kitambulisho, kuona mutu akitia saini, kupiga muhuri. Hawaulizwi kama yaliyoandikwa ndani ni ya kweli.

Kongo ilifuata njia ya Wabeleji. Kazi ya notere inaongozwa na sheria ya tarehe 9 Juni 1966, iliyorekebishwa 2016. Hapa wahusika wanafika wao wenyewe mbele ya notere, pamoja na mashahidi wawili. Notere anawasomea kartasi, wanasema mbele ya mashahidi kama maneno yale ndiyo mapenzi yao, kisha wote wanatia saini. Kartasi inaandikwa katika kitabu cha ofisi na inapewa namba.

Kwa hiyo nguvu ya kartasi ya notere haiko katika wino wa muhuri. Iko katika kile kitabu. Kartasi ikipotea ao ikikanushwa, mutu anaweza kurudi ofisini na kuiona tena.

Kwa notere wanapeleka mambo kama haya: prokirasio (kumpa mutu mwingine ruhusa ya kufanya jambo kwa jina lako), mikataba ya kuuza ao kukopesha, ruhusa ya mzazi kwa mtoto anayesafiri, na kanuni za shirika lisilo la faida, ambazo sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inaomba zipite kwa notere.

Muhuri unaotembea ndani ya mfuko

Kukiwa na shida, hakukosi mutu wa kuiuza dawa. Mutu anaweza kufika sokoni na muhuri ndani ya mfuko, akajiita notere ao mutumishi wa notere. Mbele ya kulipa, angalia mambo manne:

– Kartasi ina namba, na inaonyesha folio na volime ya kitabu ambamo imeandikwa?
– Kuna namba ya kitansi, yaani risiti ya malipo ya Serikali?
– Majina na saini za mashahidi wawili ziko?
– Ulisomewa kartasi mbele ya kutia saini, kwa luga unayosikia?

Kama moja inakosa, uliza. Kama zote zinakosa, ulinunua rangi tu. Na kama notere wa kweli anatoka ofisini kwa ajili ya mgonjwa ao mzee, mambo haya manne yanabaki yale yale.

Kwa ndugu walioko Ulaya ao Amerika wanaotuma prokirasio ya kuuza nyumba ya familia: muhuri wa notere wa kule peke yake hautoshi. Waulize kwanza ambasade ya Kongo namna ya kuhalalisha kartasi ile, mbele ya kuituma.

Mwenyi kutembea kweli ni tribinali

Kuna huduma moja ambayo sheria inaruhusu wazi itoke na kufuata watu: kikao cha tribinali nje ya makao yake, kinachoitwa «audience foraine». Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mpango wa tribinali inaikubali. Muamuzi, grefye na vitabu vyao wanaenda kukaa katika kijiji ao muji ulio ndani ya eneo lao.

Wengi wanakumbuka vikao hivi kwa kesi nzito. Huko Baraka, Kivu ya Kusini, mwezi wa pili 2011, tribinali ya kijeshi iliyotembea iliwahukumu askari, pamoja na luteni kanali wao, kwa ubakaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Lakini kikao kama hicho kinaweza pia kutoa kartasi zinazoombwa zaidi vijijini: hukumu ya kuzaliwa.

Sheria inatoa siku 90 baada ya mtoto kuzaliwa ili mzazi amwandikishe etasivili, bule. Siku hizo zikipita, ofisi ya etasivili peke yake haiwezi tena. Inaombwa «jugement supplétif» ya tribinali ya watoto. Mtu mzima asiye na kartasi ya kuzaliwa anaomba «acte de notoriété» kwa etasivili, kisha tribinali ya amani inaihakikisha.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa shida. Uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta watoto 25 kwa 100 chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa nchini. Ule wa 2017-2018 ulikuta 40 kwa 100. Mutshatsha kuna pia historia yake. Muji ulianguka katika vita ya 1977, Kolwezi ikafuata 1978, na watu wengi walikimbilia Angola. Mwenyi kukimbia risasi habebi kartasi.

Kikao kikitangazwa, wazazi watayarishe majina kamili ya mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, kartasi ya maternite kama iko, kadi ya mpiga kura ya mzazi, na mashahidi wanaojua kuzaliwa kule. Na hukumu ikitoka, kazi haijaisha: inapashwa kupelekwa etasivili iandikwe katika kitabu. Hukumu iliyolala ndani ya sanduku haimpi mtoto akti ya kuzaliwa.

Kwa nini jambo hili linauma sasa

Mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, ulianza kutoa shaba 2021. Pale ambapo migodi inapanuka, mashamba yanahesabiwa. Kodi ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaomba mwenyi mgodi alipe fidia kwa mutu anayeondolewa kwenye shamba lake. Siku ya kuhesabu, swali la kwanza ni: wewe ni nani, na shamba hili ni la nani?

Hapo kila kartasi ina mpaka wake. Kartasi ya shefu wa kijiji inasaidia kuonyesha nani alilima wapi, lakini si hati ya ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na haki juu ya kiwanja inathibitishwa na «certificat d'enregistrement» ya konservateri. Juu ya mashamba ya kimila, sheria ile iliahidi ordonansi ya rais; miaka zaidi ya 40 ilipita bila kuiona. Notere naye anathibitisha mapatano ya watu wawili. Muuzaji asiyekuwa na haki hapati haki kwa sababu ya muhuri.

Mjane ambaye ndoa yake haikuandikwa, na watoto wake hawana akti ya kuzaliwa, ndiye wa kwanza kusukumwa nje na ndugu za marehemu siku ya malipo. Kumwandikisha mtoto ndani ya siku 90 hakuombi notere, muamuzi wala safari ya Kolwezi: ni kufika kwenye ofisi ya etasivili ya sekta ao shefferi, na hakulipwi kitu.