Wiki ya Mgomo Katika Jumba la Lancaster

Mjadala wa safari za wakubwa wetu ng'ambo ukizuka, kama ulivyozuka 2023 serikali iliposimamisha safari za nje zisizo za lazima, lawama ni zilezile: wanakwenda kutembea kwa pesa zetu. Si uongo mara nyingi. Lakini kuna safari moja ya London ambayo matunda yake yamefika hadi Kathonzweni, hapa Makueni, na ilianza kwa wajumbe kukataa kufanya kazi iliyowapeleka.

Jumatatu, Januari 18, 1960, Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alifungua mkutano wa katiba ya Kenya katika Lancaster House, jumba lililoanza kujengwa 1825, hatua chache kutoka Kasri la Buckingham. Waafrika walikuwa na wabunge wao 14 wa kuchaguliwa. Ronald Ngala aliwaongoza, Tom Mboya akiwa katibu. Ukambani ilikuwa na James Muimi, aliyeingia bungeni katika uchaguzi wa 1957, na David Mumo. Mshauri wao wa sheria alikuwa Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, ambaye 1967 angekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Lakini viti vya Waafrika vikabaki vitupu karibu wiki nzima. Sababu ilikuwa mtu mmoja: Peter Mbiyu Koinange.

Hapa namfuata Jaramogi Oginga Odinga, aliyeyaeleza hayo katika kitabu chake Not Yet Uhuru cha 1967, naye si mtu wa kuficha yuko upande gani. Mbiyu alikuwa akiishi uhamishoni tangu siku za hali ya hatari. Serikali ya kikoloni ilimhesabu miongoni mwa waliochochea Mau Mau. Waafrika walimtaka awe mshauri wao. Macleod akakataa, na walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Group Captain Briggs wakaja juu. Wajumbe wakasema bila Mbiyu hakuna kikao. London ya Januari ni baridi inayopenya mifupa, na watu waliotoka kwenye jua la Ukambani wakapata likizo ambayo hawakuiomba.

Suluhu iliyopatikana inachekesha hadi leo. Mbiyu alipewa kadi ya kuingia jumbani, ila si ya kuingia ukumbi wa mkutano. Akae nje ya mlango, washauriwa watoke wamfuate! Kila upande ukadai umeshinda. Kwa maoni yangu walioshinda ni waliogoma: walimwonyesha Macleod kwamba hawachaguliwi watu wa kukaa nao.

Mkutano ulipofungwa Februari 21, Waafrika walikuwa na uhakika wa wingi katika bunge jipya la viti 65 vya kuchaguliwa, 33 kati ya hivyo vikiwa wazi kwa wagombea wa rangi yoyote. Michael Blundell, mlowezi aliyekubali mapatano hayo, alipotua Nairobi mlowezi mwenzake alimtupia miguuni sarafu 30, akimwita Yuda.

Mikutano ya 1962 na 1963 ilifuata, majimbo yakaandikwa katika katiba, kisha yakafutwa upesi baada ya uhuru. Yalirudi kwa sura nyingine, ya kaunti, katika Katiba ya 2010. Makueni ikapata serikali yake 2013, chini ya Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria aliyepigania katiba miaka mingi.

Huku kwetu Ukambani, kati ya wanasiasa wa zamani, tunamjua Ngei, tunamjua Mulu Mutisya. Muimi na Mumo hatuwataji. Kaunti inayokula matunda ya meza ile ingeweza angalau kuyapa majina yao shule mbili.

Na wewe uliye na mtoto London, ukienda kumtembelea wikendi ndefu, shuka kituo cha Green Park, utembee dakika chache. Jumba ni la Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kwa kawaida halifunguliwi kwa wageni, lakini kulitazama kwa nje ni bure.