Maji Nyumbani: Hesabu Ambayo Hatujaifunga

Ndugu zetu wa Songwe, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Wengi wetu tuliokulia vijijini tulijifunza hesabu mtoni kabla ya darasani: nyumbani panahitajika madumu mangapi, ni safari ngapi kabla ya kengele ya shule. Tunaomba tuipige tena hesabu hiyo pamoja nanyi, tukianzia nyuma.

Mwaka 1971 Serikali ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa kupita kwetu kuelekea Zambia, na Operesheni Vijiji ikawakusanya watu pamoja. Pengine kaya nyingi zilijikuta zinagombea kisima kimoja.

Maji ya vijijini yalitolewa bure. Lilikuwa jambo jema, lakini kijijini hapakuwa na fungu la matengenezo. Baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, dizeli na vipuri viliadimika nchi nzima, pampu nyingi zikanyamaza. Mwaka 1991 ulifika lengo halijatimia, na sera mpya ya maji ikaanza kuwataka wananchi wachangie. Sera ya 2002 ikakazia hilo, na mwaka 2019 ikaanzishwa RUWASA kusimamia maji vijijini.

Wakati huo Tunduma, kwa biashara ya mpakani, ilipanda kutoka watu wapatao 97,000 katika sensa ya 2012 hadi zaidi ya 219,000 mwaka 2022. Mabomba hayakuweza kwenda na kasi hiyo.

Nani analipa? Mama anayetumia saa mbili kwa siku kuchota maji hupoteza saa 730 kwa mwaka. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni zaidi ya siku 90 ambazo zingekuwa za shamba au biashara. Mkulima wa kahawa wa Mbozi asiye na maji ya kutosha haoshi vizuri kahawa yake, nayo hupata daraja la chini sokoni. Mtoto akiharisha, debe la mahindi huuzwa kulipia dawa. Anayenunua maji kwa dumu hulipa zaidi kwa lita kuliko mwenye bomba uani. Gharama hizi hazina stakabadhi, lakini ndizo zinazoirudisha kaya nyuma kila mwaka.

Historia imetufundisha kwamba bomba lisilo na fungu la matengenezo ni deni lililoahirishwa. Kwa hiyo tunapochanga mwaka huu, tuchangie mambo mawili: chanzo cha maji, na akiba ya vipuri na fundi. Na mapato na matumizi yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kila mtu asikie.

Tulisomeshwa na mikono iliyobeba ndoo. Karibuni tulipe deni hilo.