Shule ya Watoto wa Watemi, Watumishi wa Jamhuri

Mwaka 1922 Waingereza, waliokuwa wamekabidhiwa mji wa Tabora na Wabelgiji mwaka mmoja tu kabla, walifungua shule ya kuwalea watoto wa watemi na machifu. Ndiyo hii ambayo leo nchi nzima inaiita Tabora Boys, na ambayo mwaka 2022 ilitimiza miaka 100. Waasisi wake walikusudia kupata watawala wa vijijini wenye hati nzuri na adabu ya Kiingereza. Walichovuna ni kingine kabisa.

Kwa nini Tabora na si Dar es Salaam? Mji huu ulikwisha kuwa njia panda ya bara. Misafara kutoka Bagamoyo ilitua hapa, katika utemi wa Unyanyembe, kisha ikagawanyika: wengine wakaelekea Ujiji, wengine wakapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857, Stanley na Livingstone wakakaa Kwihara, jirani na mji, mwaka 1872, na kabla ya wazungu hao wote wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiijua pwani kama wanavyoijua Igunga. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912 ikifuata karibu njia ileile ya misafara, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Basi kijana wa Musoma akavuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, akapanda treni, mwenzake wa pwani akaja na tikiti yake ya daraja la tatu, wakakutana bwenini.

Shule ilifunguliwa enzi ya Gavana Horace Byatt, na Mkurugenzi wa Elimu akiwa Stanley Rivers-Smith. Mwaka 1925 akaja Sir Donald Cameron na siasa yake ya kutawala kupitia machifu, na hapo shule ikapata kazi yake hasa. Mtoto wa mtemi alitakiwa ajue hesabu za kodi, aweze kuendesha baraza na kuandika barua ambayo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, hatairudisha. Mengine yaliigwa moja kwa moja kutoka shule za mabwana wa Uingereza: mabweni, viranja, michezo, skauti. Wapenda sifa wakaiita Eton ya Tanganyika. Jina hilo lilikuwa na majivuno, lakini halikuwa la uongo. Hata hivyo kufikia miaka ya 1930 mlango ulikuwa umefunguliwa kwa vijana wenye akili hata kama baba zao hawakukalia kiti chochote.

Mwaka 1937 aliingia Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akitoka shule ya Mwisenge, Musoma. Alikaa mpaka mwaka 1942. Wazee wa shule wakianza kumsimulia hawamalizi, nasi tuwaruhusu kidogo. Alipenda skauti kupita kiasi. Alikuwa mmoja wa waliohimiza chama cha midahalo. Na hakupendezwa na upendeleo waliopewa viranja, akausema wazi, jambo ambalo katika shule ya namna ile halikuwa dogo. Alikuja kuwa kiranja yeye mwenyewe, na maoni yake hayakubadilika.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha mwaka 1945, alipomaliza Makerere. Shule yake ya zamani ilimtaka aje kufundisha. Shule ya Mtakatifu Maria ya mapadri, papo hapo Tabora, nayo ilimtaka. Inasimuliwa kwamba alipokea barua ikimweleza faida za kuajiriwa na serikali, mshahara na kiinua mgongo, na jinsi miaka ya kufundisha kwa mapadri isivyohesabiwa. Barua hiyo ndiyo iliyomfanya achague mapadri. Wazee wetu huicheka hadithi hii, ingawa shule ilimkosa mwalimu. Alirudi Tabora Januari 1958 kwa ajili ya mkutano wa TANU, ule wa Uamuzi wa Busara, akawashawishi wajumbe waliokuwa wamekuja wakipinga kura tatu (kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu) wazikubali. Midahalo ilikuwa imemkaa.

Hakuwa peke yake. Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha huko Shinyanga, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe yenyewe, alikuwa Waziri wa Sheria nchi ilipopata uhuru. Oscar Kambona alisoma hapa pia, akapanda hadi uwaziri. Mwaka 1967 aliondoka nchini, na hayo yana waandishi wake.

Rashidi Kawawa anastahili aya yake. Angeweza kwenda Makerere, akakataa ili apate mshahara wa kuwasomesha wadogo zake. Akawa karani wa serikali. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo, si mbali na shule yake, kusimamia kambi ya Wakikuyu waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau. Akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Huyo ndiye mtumishi wa umma ambaye waasisi hawakumwazia.

Mwaka 1963 serikali hiyohiyo, iliyojaa wanafunzi wa Tabora, ilifuta uchifu. Shule iliyojengwa ili kuutunza utemi ilikuwa imewasomesha walioufuta. Mwaka huohuo Fundikira alijiuzulu uwaziri, kimya kimya kwa kadiri ilivyowezekana.

Mengine tuyataje kwa haraka. Shule ilitoa Cleopa Msuya, aliyeanza kazi kama ofisa wa maendeleo ya jamii akawa Waziri Mkuu mara mbili, na Samuel Sitta, Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010. Kulikuwa na miaka ya mchepuo wa kijeshi na kwata. Shule ikaingizwa miongoni mwa shule za vipaji maalumu, pamoja na dada yake Tabora Girls, na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Kazi ya kuwafunda watumishi wa serikali ilishikwa na Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho tangu mwaka 2000 ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, chenye matawi pia Dar es Salaam, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya.

Walimu na wapishi wa miaka yote hiyo hawajaandikwa hapa, na ni deni. Mwenye picha ya bweni, daftari la midahalo au barua ya kuitwa shule, tafadhali aipeleke kwa mkuu wa shule kabla mchwa hawajaifikia.