Nani Alikuwa na Ruhusa ya Kwenda Mlimani?

Novemba ikifika, familia nyingi za Nairobi huanza kuulizana: Disemba tunaenda wapi? Mmoja anataka Mombasa. Mwingine anakumbusha kwamba Januari kuna karo. Halafu anatokea kijana mmoja anasema twendeni Nanyuki, tulale siku tatu, tupande Mlima Kenya hata kama tutafika njiani tu. Hapo ndipo mzee fulani hucheka: "Kupanda mlima na hakuna kitu umeenda kutafuta huko? Hayo ni mambo ya wazungu."

Kwetu aliyesema hivyo ni shangazi, mtu aliyezaliwa na kukulia chini ya mlima huo huo. Vijana walicheka, mmoja akasema ndiyo maana Waafrika hatujui kupumzika. Lakini shangazi hakusema mlima haupendezi. Alisema jambo lililokuwa kweli kwa miaka mingi ya maisha ya wazazi wake na ya utoto wake: kwenda mlimani kujifurahisha kulihitaji ruhusa, na ruhusa hiyo haikuwa ya kila mtu.

Kabla ya ruhusa kulikuwa na matumizi. Wakikuyu, Waembu, Wameru na Wamaasai waliuzunguka mlima na kila jamii iliujua kwa njia yake. Msitu ulitoa asali, dawa, mbao na kuni, na mito ilishuka kutoka huko juu. Wakikuyu waliuita Kĩrĩnyaga na waliomba wakiuelekea. Mtu aliyeingia msituni alikuwa na shughuli yake, na hakuna aliyemdai tikiti.

Mwaka wa 1899 akaja Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia kutoka Oxford. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Fanya hesabu: kwa kila Mzungu mmoja kulikuwa na zaidi ya watu 27 wa kubeba, kupika na kuongoza. Tarehe 13 Septemba, Mackinder na wenzake wawili waliozoea milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya Batian, mita 5,199. Vilele vikuu vikapewa majina ya viongozi wa Wamaasai. Hakuna kilichoitwa kwa jina la mpagazi.

Kwa hivyo anayesema Waafrika hawakuwa wakienda milimani anakosea. Walienda, tena wengi kuliko wageni. Ila walienda na mizigo kichwani.

Masetla walipokaa, Nyeri na Nanyuki zikawa miji yao ya mapumziko. Reli ilifika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ndani ya treni hiyo kila rangi ilikuwa na daraja lake: Wazungu mbele, Wahindi katikati, Waafrika daraja la tatu. Mwaka wa 1932, upande wa pili wa bonde, kwenye msitu wa Nyandarua, Eric Sherbrooke Walker alijenga hoteli ndogo ya Treetops juu ya mti wa mugumo, ili wageni wakae usiku wakiangalia ndovu na vifaru wakinywa maji. Mugumo huo huo kwa Mkikuyu ni mti wa kuombea. Mwafrika aliyefika hapo alikuwa amekuja kazini, kupika au kuhudumia.

Nje ya hoteli, mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni. Akiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi, amevunja sheria. Akipewa livu, alirudi rizavu kumwona mke, kulima na kuezeka nyumba. Ndiyo maana mpaka leo, ukimwambia mzee unaenda livu, anakuuliza nyumbani ni wazima. Hajawaza hoteli. Neno lenyewe lilimfikia likiwa na maana ya kwenda kwenu.

Sasa linganisha miaka miwili.

Katika kambi ya wafungwa wa vita pale Nanyuki, Mwitaliano anayeitwa Felice Benuzzi alichoka kukaa bure. Kila siku mlima ulikuwa mbele yake, nyuma ya seng'enge. Akaamua kuupanda. Yeye na wenzake wawili walijipanga kwa miezi, wakaweka akiba ya chakula, wakatengeneza vyuma vya viatu kutokana na vyuma chakavu na kamba kutokana na katani ya vitanda. Hawakuwa na ramani ya maana, ila picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Januari 1943 wakatoroka. Batian iliwashinda, lakini wawili kati yao walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Baada ya siku 18 wakarudi kambini wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi aliupenda ujasiri wao, wakakaa 7 tu.

Ni hadithi tamu, na Benuzzi aliiandikia kitabu. Sasa nenda miaka kumi mbele. Mwaka wa 1953, Hali ya Hatari ikiwa imeshatangazwa, misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ilifanywa eneo lililokatazwa. Aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi papo hapo. Wanakijiji walilazimishwa kuchimba mtaro wa maili 50 hivi kwenye ukingo wa msitu, wakaujaza vijiti vya mianzi vilivyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa Mau Mau. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa na kutiwa kwenye vijiji vilivyolindwa. Mwaka huo huo wapiganaji waliichoma Treetops, hoteli ambayo Binti Elizabeth alilala usiku baba yake alipofariki, Februari 1952.

Mfungwa wa adui alitoroka kwenda kujifurahisha mlimani, akapewa siku saba. Mtoto wa pale pale, akiokota kuni upande usiofaa wa mtaro, aliweza kupoteza maisha. Mlima ni ule ule. Mtoto aliyekua akiambiwa asisogelee msitu hatageuka kuwa mtalii kwa sababu tu siku hizi kuna lami mpaka Nanyuki.

Uhuru ulipokuja, Disemba 1963, serikali ilimtuma Kisoi Munyao, mpandaji kutoka Ukambani, akapeleke bendera mpya juu ya mlima. Akaisimika. Ruhusa ilibadilika siku ile, angalau kwa sheria. Iliyobaki ni bei. Mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1949, na leo ukitaka kuingia kwa lango la Naro Moru, Sirimon au Chogoria unalipa. Mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni, ni kweli, lakini zidisha na watu sita, ongeza nauli, chakula na kiongozi wa njia, halafu uone kama kicheko cha mzee hakina akili ndani yake.

Mimi bado nasema twendeni. Januari na Februari ni kukavu, na si lazima mtu afike Lenana. Wenye miguu wanaweza kutembea mpaka kituo cha hali ya hewa upande wa Naro Moru, karibu mita 3,050, na kurudi jioni. Pandeni polepole, kichwa kikianza kuuma sana mshuke, mlima hauna haraka. Treni ya Nanyuki ilirudishwa Disemba 2020, na sasa unakaa popote tikiti yako inaporuhusu.

Lakini mkiandika orodha ya sweta, maji na buti, wekeni pia siku moja ya kubaki chini. Nyeri ndiko alikozikwa Baden-Powell, na si mbali na hapo Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956. Mnaweza kufika kote asubuhi moja. Kisha mchukueni mwenye umri mkubwa zaidi katika gari, mpeni kiti cha mbele, na mpite polepole kando ya msitu. Msimwulize kama anapenda mandhari. Mwulizeni mtaro ulipita wapi.