Daftari la Fundi wa Majeneza

Nina daftari nililolianza 1996. Halina majina, ni vipimo na umri tu: futi tano na nusu, miaka 29, futi sita, miaka 34. Mimi ni seremala hapa Makambako, Njombe, na kwa miaka mingi mbao zangu za paini zilikwenda zaidi kwenye majeneza kuliko kwenye vitanda.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa 1983, kule Kagera. Kwetu ugonjwa haukupata shida ya njia. Barabara ya Songea inaungana hapa na ile ya Tunduma, treni ya TAZARA inasimama hapa, madereva wanalala hapa. Na hata kabla ya lami, sisi Wabena tulishazoea ndoa za mbali: babu zetu walikwenda Tanga kukata mkonge wakiwa manamba, wakaacha wake nyumbani misimu mizima. Watu walipoanza kuisha, wengi walisema wamerogwa. Nami niliandika umri, nikapiga randa, nikanyamaza.

Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulipita nyumba kwa nyumba. Tone la damu lilitolewa kidoleni, likakaushwa kwenye karatasi, likaenda maabara bila jina. Mwenye damu hakuletewa jibu. Aliyetaka kujijua alielekezwa kituo cha kupima. Jibu la mkoa lilikuja: Iringa, ambayo wakati huo ilikuwa na Njombe ndani yake, asilimia 15.7, juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa 2011-12 ukaipa Njombe, mkoa mpya, 14.8. Tuliona aibu. Aibu hiyo iliua watu, maana walijificha wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeshaanza kutolewa bure tangu 2004.

Ile namba ya kwanza, 15.7, ilileta pia tohara. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kwamba mwanaume aliyetahiriwa hupungukiwa na hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60, na kwetu tohara haikuwa desturi. Mwaka 2010 wanaume zaidi ya 10,000 wa mkoa wa Iringa walitahiriwa ndani ya wiki sita, kwenye baridi ya katikati ya mwaka, kwa kuwa huku tunaamini kidonda hupona vizuri wakati wa baridi. Baba na mtoto walipanga foleni moja. Sikutegemea kuliona jambo hilo maishani.

Utafiti wa 2016-17 ulisema Njombe ni 11.4, na safari hiyo mtu alipewa majibu yake palepale nyumbani. Wa 2022-23 umesema 12.7, wakati taifa zima ni 4.4. Vijana kijiweni wanasema tunarudi nyuma.  Wanasahau kwamba anayemeza dawa haondoki kwenye hesabu. Anabaki, anapanda viazi, anasomesha. Ndani ya 12.7 wamo majirani ambao zamani ningewapima kwa futi.

Maambukizi mapya bado yapo, sifichi. Kijana unayesoma, hasa wewe wa kiume unayesubiri hadi uugue: nenda kapime wiki hii. Dawa ni bure, na karakana yangu sasa inatengeneza vitanda na madawati.