Panda Maksai

Orodha mpya ya istilahi za wanyamapori iliyonifikia imempa jina yule dume wa Amerika Kaskazini ambaye pembe zake hazikauki wala hazidondoki, bali huzidi kuota vinundu mwaka baada ya mwaka. Ameitwa "kulungu dungusi kakati". Nilidhani ni kosa la mpiga chapa. Kumbe ni kazi ya watu wazima walioketi, wakanywa chai, wakapitisha.

Tuanze na kulungu. Huyu ni wetu, na pembe yake ni ala ngumu, ya dutu ileile ya kucha na kwato, iliyovikwa juu ya kiini cha mfupa. Akishaiota, anakufa nayo. Mnyama tunayemzungumzia ni wa ukoo mwingine kabisa, na jina lake ni ayala. Wasomaji wa Zaburi ya 42 wanalijua. Limetokana na Kiarabu, ayyil, ndugu wa ayyal ya Kiebrania. Afrika haina ayala wa asili ila wale wa misitu ya Algeria na Tunisia, na waliotafsiri Biblia walilielewa hilo: walikopa jina la mgeni, hawakumvika mgeni jina la mwenyeji. Kamati za leo, pamoja na kompyuta zao, zimeshindwa kufika hapo.

Kisha hiyo "pembe". Anachobeba ayala kichwani ni mfupa mtupu. Huota chini ya ngozi laini yenye manyoya na damu tele, hukomaa, ngozi ikachunika, na kila mwaka hudondoka ili uote mwingine. Tunaambiwa Kiswahili hakina neno la kuutofautisha na pembe ya ng'ombe. Kinalo: panda. Panda ni mahali kitu kinapogawanyika: njia panda, panda ya mti, panda ya manati. Panda, vilevile, ni pembe inayopulizwa, na mimi sioni parapanda ingezaliwa na nani mwingine. Neno moja limebeba utawi na upembe kwa pamoja, nalo limekaa kwenye kamusi miaka yote likingoja kuitwa kazini.

Mjuzi mmoja, ambaye kwa adabu simtaji, alipinga kwamba panda litachanganywa na kitenzi cha mkulima na yule mnyama wa China. Kwa hoja hiyo tumfute na kaa, maana yuko baharini, yuko jikoni, na sisi wenyewe tunakaa.

Sasa kasoro yenyewe. Wajerumani walipomwona ayala mdogo wa namna hii, uvimbe umemfunika hadi machoni, waliona wigi, wakamwita hivyo. Wamarekani waliona kakati. Watu wa Llano, Texas, waliona mahameli, kwa kuwa ngozi laini haimtoki kamwe. Wote walitaja sura. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikwenda kwenye chanzo: aliandika kwamba dume akihasiwa kabla ya kuota panda hataziota kamwe, na akihasiwa baadaye hataziangusha. Sayansi imeongeza maelezo tu. Siku zinapofupika, testosteroni huongezeka, panda hukauka na ngozi kuchunika. Msimu wa kupandana ukiisha, homoni hushuka na panda hudondoka. Dume ambaye korodani zake zimeumia, zimeugua au hazikushuka hukosa amri zote mbili. Panda yake hubaki mbichi, baridi ikagandisha ncha na kuzivunja, na msimu ukifika huota tena juu ya kovu.

Kwa hiyo: panda maksai. Maksai na hasi ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, kh-s-y, na hakuna mfugaji anayehitaji kufafanuliwa. Nimeelezwa kwamba ayala ambaye korodani hazikushuka hakuhasiwa na mtu. Ni kweli, na hoja haina uzito. Istilahi inataja hali ya mnyama, haimtafuti aliyeshika kisu.

Pendekezo hili nililiwasilisha kwa maandishi, kwa heshima zote zipasazo. Nikajibiwa kwamba "limepokelewa". Wanaoijua lugha ya ofisi watanielewa.

Matumizi ni mepesi: panda hii, panda hizi, mnyama ni ayala maksai, na jike aliyeziota kwa homoni kuzidi ni ayala jike mwenye panda.

Nawaomba wahariri wa vitabu vya biolojia wasiisubiri kamati. Dungusi kakati ni mmea, na mahali pake ni kwenye orodha ya mimea.